Daftari Nililolitoa Sadaka

Mkitaka kucheka chekeni, mimi nimeshazoea, maana watu wa Malindi hawajaacha kunicheka tangu miaka ile ya themanini, harambee zilipokuwa kila Jumamosi (leo ya zahanati, kesho ya mabati ya shule), na aibu yangu mimi ilinikuta kwenye harambee ya makaratasi. Ndiyo, makaratasi. Bwana Athumani, mtunzi wetu wa mashairi, alifariki akaacha sanduku zima la madaftari ya herufi za Kiarabu, na mjane wake, Bi Rehema, akakubali yawekwe maktaba ya mji kila mtu ayasome, ila kwanza yapangwe, yaandikiwe orodha, na linunuliwe kabati lisiloingia mchwa, na hayo yote yalitaka pesa.

Mimi ni fundi wa kushona, lakini Bwana Athumani macho yalipomfifia, mwandishi wake nilikuwa mimi. Miaka saba! Yeye anaghani, mimi naandika, kahawa inapoa. Kwa hivyo kamati ilipokutana kumchagua mtu wa kuandika orodha nilivaa kanzu mpya, nikakaa mbele, nikasubiri kutajwa. Wakamtaja Mwalimu Kahindi! Kijana wa Marafa, anafundisha sekondari, mtu mpole hana baya, lakini herufi zenyewe za Kiarabu hajui hata moja. Eti ana mpangilio.

"Wewe utamsomea, yeye ataandika," Bi Rehema akaniambia.

Nimsomee! Mimi! Nilipiga makofi kama wenzangu, lakini wivu ulikuwa umeshaniingia. Nilimwonea wivu kwa zile kalamu nne mfukoni mwa shati, nikamwonea wivu kwa kuwa Bi Rehema alimwita "mwanangu", na kwa muda wote nilikuwa najua mwana wa nyumba ile ni mimi peke yangu. Nikajitia nina kanzu nyingi za kushona, nikamwacha aanze peke yake, nione atafika wapi. Akaanza kwa kuhesabu kurasa na kubandika nambari kwenye majalada.

Jumatano nikapita kumjulia hali Bi Rehema. Mwalimu yuko shule, sanduku liko wazi, mwenyewe Bi Rehema kaingia jikoni kunitilia chai, na juu kabisa naliona daftari jekundu, lile nililoliandika kwa mkono wangu mwaka wa kwanza. Nikatazama jaladani: safi, hapana nambari. Nikasema moyoni, hili bado halijaorodheshwa, nalichukua siku tatu tu, Jumamosi nitalitoa mbele ya watu ili wajue nani ni nani. (Wizi? Sikuuita wizi. Nilikuwa na jina jingine zuri zaidi, nimelisahau.) Likaingia mfuko wa ndani wa kanzu, nikanywa chai, nikaaga. Nyumbani nikalificha katikati ya jora la kitambaa cha bafta, wala sikuligusa tena, maana mke wangu ana macho.

Jumamosi uwanja wa shule umejaa, chifu yuko kitini, turubai limefungwa, kipaza sauti kinalia. Mtu anatoa jogoo, mwingine mbuzi, kila kitu kinanadiwa. Mwalimu Kahindi akasimama kueleza kazi yake ya nambari na orodha, na jinsi watu walivyomshangilia, nyie, nilihisi kama ninakanyagwa. Sikungoja kuitwa. Nikapanda jukwaani, nikashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Jamani," nikasema, "siku tatu kabla Bwana Athumani hajafariki aliniita kitandani kwake, akanipa daftari hili mkono kwa mkono, akaniambia, Bakari, hili si la mtu mwingine. Nami leo nalitoa sadaka!"

Ilikuwa sitaki kusema yote hayo, lakini watu walipoanza kupiga vigelegele mdomo ukajiendea wenyewe. Nikaliinua juu. Makofi! Mnadishaji akauliza nani atalikomboa alikabidhi maktaba, chifu akatia bei yake, na wazee wakaitikia, "Tughanie kidogo, fundi, tusikie!"

Nikalifungua kifuani, nikasafisha koo, nikatoa sauti. Ubeti haujafika katikati nikasikia watu wa mbele wanacheka. Nikaongeza sauti, nao wakaongeza kicheko.

Sasa sisi tuliosoma chuo cha Kurani, kitabu cha herufi hizi kwetu hufunguliwa kutoka kulia. Mwalimu Kahindi, mtu wa shule za misheni, nambari zake zote alizibandika pale anapoona yeye ndipo mwanzo wa kitabu, na kwetu hapo ni mwisho. Mimi Jumatano nilitazama mwanzo wangu. Mwanzo wake ndio uliokuwa ukiwatazama watu, karatasi nyeupe, wino mzito: 41.

Mwalimu maskini alikuja pembeni ya jukwaa na orodha yake, akasema kwa adabu, tena kipaza sauti kikamsikia, "Samahani, fundi. Arobaini na moja. Daftari jekundu, kurasa sitini, limeliwa pembeni. Jumanne lilikuwamo sandukuni."

Bi Rehema akainuka kwenye safu ya wanawake. Wala hakupaza sauti.

"Mume wangu ana miezi minane mchangani," akasema. "Na hilo Jumatano asubuhi nimelipangusa vumbi mimi. Amekupa lini, Bakari?"

Nilishuka jukwaa kwa upande usio na ngazi.

Siku ya pili nikaenda kuomba radhi. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, ungeniomba ningekupa. Hilo lilikuwa lako. Nilikuwa nangoja orodha iishe nikukabidhi. Sasa chifu ameshalikomboa, ni la maktaba, sina uso wa kulidai."

Orodha tuliifanya pamoja miezi minne, mimi nasoma, Mwalimu anaandika, na sikuongeza wala kupunguza neno. Nimeapa nisisogelee kipaza sauti, na kanzu zangu zote nimeziziba mifuko ya ndani. Wivu haujaisha, nisiwadanganye. Nikipita maktaba huingia nikaomba arobaini na moja, na kijana wa zamu hunipa, kisha husimama karibu yangu mpaka nimalize kusoma.