Sahihi ya Mama Kwenye Katiba

Ninafundisha historia kidato cha sita hapa Tukuyu, na kila mwaka nikifika kwenye katiba ya Marekani sauti hunipanda. Nawaeleza wanafunzi jinsi wale mabwana walivyojifungia chumbani kiangazi kizima, madirisha yamefungwa, walinzi mlangoni, wakaandika kwa niaba ya wananchi ambao hawakuruhusiwa hata kuchungulia. Mtumwa walimhesabu kuwa sehemu tatu kati ya tano za mtu. Mwanamke hawakumtaja kabisa. Baadhi ya majimbo yaliposita kuipitisha, yakabembelezwa: pitisheni kwanza, tutarekebisha baadaye. Wanafunzi hucheka. Mimi sicheki tena, kwa sababu na mimi nimeandika katiba.

Kikundi cha wakulima wa chai, kijijini kwa wazazi wangu, kiliambiwa hakiwezi kusajiliwa bila katiba. Mwenyekiti akanifuata nyumbani kwangu Ibighi.

"Mwalimu, si wewe unayefundisha katiba za Wazungu? Tuandikie na ya kwetu."

Kichwa kikanivimba. Jumamosi tatu tulikaa watu wanne kwenye banda la kupimia majani, wanaume watatu na mimi mwanamke peke yangu, mlango tumeufunga kwa sababu ya mvua. Angalau ndivyo tulivyosema.

Ibara ya nne ilisema mwanachama ni yule ambaye jina lake limo kwenye daftari la mashamba, na akifariki, ni mrithi wake kwa mila. Daftari hilo nalijua. Lina majina ya wanaume tu, wazima na marehemu. Shamba letu limeandikwa jina la baba, aliyefariki miaka sita iliyopita, lakini anayepalilia, anayechuma na anayebeba kapu ni mama yangu, na ndivyo ilivyokuwa hata baba alipokuwa hai. Nikauliza wajane wataingiaje.

"Hilo tutarekebisha baadaye, Mwalimu," mwenyekiti akasema. "Tukianza kubishana leo, hatutasajiliwa mpaka Yesu arudi."

Maneno hayo nilikuwa nayajua. Nimeyafundisha miaka na miaka. Tena Wamarekani walau walirekebisha mambo kadhaa mapema, ingawa si ya mtumwa wala ya mwanamke. Nikaiandika ibara ya nne kwa mwandiko wangu mzuri, nikajiona mtu wa busara. Nina hasira na wale wanaume watatu, lakini ile busara yangu ndiyo ninayoichukia zaidi.

Mkutano wa kuipitisha uliitwa siku ya kuchuma. Wanawake walifika wamechelewa, wamelowa, makapu mgongoni. Mlangoni palikuwa na karatasi ya mahudhurio, na kwetu asiyesaini mahudhurio hapati chai wala andazi. Wakasaini wote. Mama alijifunza kuandika ukubwani, kwenye kisomo, kwa hiyo hakubali kuweka dole gumba mahali popote. Aliandika jina lake kwa herufi kubwa, moja moja, foleni ikimsubiri. Ukasomwa ukurasa wa kwanza, ukasomwa wa mwisho, makofi yakapigwa.

Mwezi uliofuata tulichagua viongozi. Mimi ndiye niliyewekwa katibu wa mkutano, mimi ndiye niliyeita majina ya wapiga kura. Nilipolitaja jina la baba, mama akasimama.

"Nipo."

Nyuma yake akasimama baba mdogo, mdogo wake baba na mrithi wake kwa mila, ambaye hajawahi kuchuma jani hata moja pale.

"Nipo."

Mwenyekiti akamwambia mama akae, katiba haimtambui. Mama akasema hiyo katiba yeye hajaikubali, na hakuna aliyemuuliza. Mwenyekiti akaifunua nyuma. Ile karatasi ya mahudhurio ilikuwa imebanwa pale kwa pini, na juu yake mtu alikuwa ameongeza maneno: sahihi za waliopitisha. Kuipitisha mama alitosha. Kupiga kura hakutosha.

"Mama, hii si sahihi yako?" akauliza.

Mama aliitazama, kisha akanigeukia mimi.

"Gwe mwanangu, we ndo ulisoma. Hapa niliandika nini?"

"Jina lako, mama."

"Kumbe jina langu ndo limenitoa?"

Mwenyekiti akasema, "Katibu, endelea," nami nikaweka tiki kwa baba mdogo, nikaita jina lililofuata.