Mkalimani Nyuma ya Leso

Mdogo wangu ni kiziwi tangu kuzaliwa. Alisoma miaka michache katika shule ya viziwi huko bara, lugha ya ishara ikamkaa vizuri, kisha marehemu baba akaona mwanamwali atulie nyumbani, akamrudisha Mji wa Kale. Kusoma maandishi hakukumkolea. Mimi dada yake najua ishara tulizojitungia nyumbani tu, nazo hazifiki mbali.

Kwa hivyo kila kampeni ya afya iliyopita mtaani kwetu ilimpita. Walitangaza kwa kipaza sauti, wakahutubia ukumbini, mara moja waliimba hata nyimbo. Nilichoka. Waliponadi mkutano wa wanawake kuhusu saratani ya matiti, niliwaendea waandalizi nikawaambia mtaani kuna wanawake viziwi, na wao pia wana matiti. Mama mwenyekiti wa kikundi, mtu mpole sana, aliona haya kwa niaba yangu, lakini aliahidi kumtafuta mkalimani wa ishara.

Akampata kweli. Alitoka Ganjoni kwa tuktuk, shati limepigwa pasi, mstaarabu wa kupigiwa mfano. Tatizo ni kwamba alikuwa mwanamume.

Ukumbini wanawake walikuwa wameshavua mitandio kwa ajili ya joto, na muuguzi alikuwa ameweka titi la mpira mezani tayari kutufundisha kujipima. Mkalimani alipochungulia mlangoni, kila mtu alivuta buibui lake. Wakubwa wakashauriana. Hatimaye wakatungika kwenye kamba leso ya kujifunga, mpya kabisa, ya madukani Biashara Street, mkalimani akawekwa nyuma yake. Wote wakaridhika: stara imepatikana, na kiziwi naye amefikiriwa.

Mdogo wangu akaketishwa mstari wa mbele kabisa, akiitazama leso. Chini yake vilionekana viatu vya mkalimani. Muuguzi alipoanza kusema, leso ikaanza kutikisika. Maskini, alikuwa akifanya kazi yake.

Nilimwendea mama mwenyekiti nikamuuliza kama haoni kasoro.

"Usijali, mwanangu," alinijibu. "Sauti yapita."

"Kwani yeye asikia?"

Alijishika mdomo. Hakuwa na ubaya. Hakuna hata mmoja mle ndani aliyekuwa na ubaya, na hilo ndilo lililonikera, kwa sababu mtu mbaya ungemgombeza ukapumua.

Nilimshika mdogo wangu mkono nikampeleka upande wa pili wa leso, nikaketi naye mbele ya yule bwana. Sauti ya muuguzi ilitufikia, mikono ya mkalimani ikaenda nayo, na uso wa mdogo wangu ukabadilika. Alikuwa akitikisa kichwa kukubali, akiuliza, akirudishiwa jibu. Nilifurahi. Nilijiona nimeshinda.

Kisha akatoa ishara ndefu, taratibu. Mkalimani alinitupia jicho, akasita. Lakini kazi yao ina kanuni: maneno ya mtu husemwa kama alivyoyasema mwenyewe. Akapaza sauti.

"Nina uvimbe katika titi la kushoto. Ninao tangu kabla ya Ramadhani. Je, nimechelewa?"

Sauti nzito ya kiume, kutoka nyuma ya leso. Wanawake waliangua kicheko. Kisha mmoja baada ya mwingine wakaelewa, kicheko kikakatika. Mimi nilikuwa sijui. Tunalala chumba kimoja, mimi na yeye.

Muuguzi alimpima faragha, akamwandikia kwenda hospitali. Niliomba mkalimani aende nasi. Mama mwenyekiti akawapigia simu wakubwa wa kampeni, akarudi kichwa kimeinama: mkalimani aliletwa kwa uhamasishaji tu, matibabu si kazi yao. Yaani walitaka ajue kwamba ugonjwa upo, si kwamba anao. Yule bwana mwenyewe nilipomtafuta alikuwa ameshasafiri kikazi. Hospitalini niliuliza kama wana mkalimani, wakanitazama kana kwamba nimeitisha biriani.

Tukafanya vipimo kwa kuashiriana vua, lala, inuka. Majibu yalipotoka, daktari aliyasoma kisha akanitazama mimi, si yeye. Alisema ni saratani. Alisema haionekani kusambaa, na matibabu yakianza sasa huenda akapona.

"Mwambie," akasema.

Nilimgeukia. Alikuwa akiisubiri mikono yangu, nayo ilikaa tu mapajani. Akausoma uso wangu badala yake. Kisha akalaza shavu juu ya kiganja, akafumba macho, ishara tuliyoitumia nyumbani baba alipofariki. Akafumbua macho, akajigusa kifuani kwa kidole, nyusi zimepanda. Alikuwa akiuliza kama anakufa.

Nilitikisa kichwa kukataa. Daktari alikuwa amesema huenda, na mimi sikuwa na ishara ya huenda.