Siku Redio Aliponyamaza

Mtaa mzima ulimwita Redio. Alikuwa msusi, na wateja walipita saluni tatu kwenda kwake. Ukikaa kwenye kiti chake, kabla kichwa hakijauma kwa kusukwa, mbavu zilishauma kwa kucheka. La kusema halikumwishia. Majina ya watu ndiyo yaliyomponyoka, ila hilo hakulikiri kamwe: akimsahau mteja jina, alimwita "mrembo wangu," mambo yakaenda.

Sasa alilala ubavu kwenye meza ya upasuaji, macho wazi, fuvu limefunguliwa upande wa kushoto. Daktari alishamweleza. Uvimbe umekaa jirani na sehemu za usemi na za mkono wa kulia, kwa hiyo lazima awe macho. Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Daktari atagusa hapa na pale kwa umeme mdogo. Kidole kikiruka, au neno likikwama, hapo hapakatwi.

Kidole gumba kikaruka.

"We daktari! Hicho ndicho kinachonilisha, usikichezee."

"Ndiyo maana nakitafuta, mama. Tulia."

Akaweka hapo kikaratasi chenye namba, akahamia kwingine. Mbele ya uso wa Redio alikaa mtaalamu wa usemi, binti mwenye picha mkononi. "Sema 'hapa naona,' halafu jina."

"Hapa naona kikombe. Kina ufa, nani kakinunua?"

"Jina tu, mama."

"Hapa naona samaki. Mnene kama wifi yangu."

Picha iliyofuata ilikuwa chanuo. Redio alishika chanuo kila siku ya Mungu. Alifungua mdomo, na pale jina lilipokaa miaka yote palikuwa patupu, kama nyumba iliyohamwa. Ulimi ukakimbilia mazoea.

"Hapa naona mume wangu wa pili! Nashinda naye kutwa kuliko yule wa nyumbani."

Chumba kizima kikacheka, hata binti wa picha.

"Maneno yanatiririka," daktari akasema. "Tupime tena hapa. Yakija hivihivi, napaondoa."

Binti akainua ufagio. Patupu tena. Na mzaha ulikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, mzuri kuliko ule wa kwanza. Wangecheka mpaka barakoa ziwavuke. Redio akaumeza.

"Sina," akasema.

"Huna nini, mama?"

"Jina. Hata lile la kwanza sikuwa nalo. Niliwachezea tu."

Hakuna aliyecheka. Daktari aliinua mkono wake, ule umeme mdogo ukaacha kugusa ubongo.

"Chanuo!" Redio akapiga kelele. "Chanuo na ufagio! Yalikuwa wapi, mashetani haya?"

"Hapahapa nilipotaka kukata," daktari alisema. Akaweka kikaratasi. "Ila uvimbe unaingia chini ya hapa. Kipande hicho itabidi nikiache. Tutakuwa tunakipiga picha mara kwa mara, tuone kama kinakua."

Redio alinyamaza. Wauguzi wakatazamana, walishazoea maneno yake yasiyokatika.

"Basi kikae," akasema mwishowe. "Lakini kikae kwa adabu. Mimi si mwenye nyumba mpole."

Binti akainua picha nyingine. Redio aliijua, lakini hakuirukia. Alisubiri jina lije lenyewe.

"Hapa naona kiti," akasema, akaishia hapo.