Miguu Inayotembea Imekaa

Nilipokuwa mtoto, kule milimani Nyabiondo, msichana hakuruhusiwa kuchezesha miguu akiwa ameketi. Ukikaa, tulia. Anayetembea akiwa amekaa, wazee walisema, anaiibia njia hatua zake, na siku akiihitaji njia itamkataa. Mwiko huo haukutusumbua, maana hatukuwa na kitu cha kukanyaga.

Halafu papa, baba yangu, akaleta cherehani. Alikuwa amefanya kazi kwenye migodi ya Walikale, akarudi kwa lori, kamyo tunavyoliita, na ile mashini nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, majirani wakajaa uani kama kuna arusi. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinafika: barabara, baiskeli, sindano za daktari. Papa akanifundisha mimi, binti yake mkubwa, na kabla maharagwe hayajavunwa nilikuwa nashonea kilima kizima. Nilijivuna, ee! Nani kama mimi?

Koko, mama yake papa, hakufurahi.

«Mutoto wangu, hii kitu itakula njia ya huyu binti.»

«Mama, iyo iko mambo ya zamani,» papa akajibu. «Hii ni mashini tu.»

Koko hakubishana. Lakini kila jioni, nikimaliza kushona, alinishika mkono akanipeleka hadi mtoni na kunirudisha, ili niirudishie njia hatua zake. Niliona haya! Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao nyuma ya mgongo wake. Mvua zilipoanza magoti yakamshinda, matembezi yakaisha, nikamshukuru Mungu.

Mvua hizo hizo zikawaleta masista wa misioni, wakitafuta wasichana wa kusomea kazi ya kuzalisha akina mama. Wakanichagua. Nililia kwa furaha. Siku ya safari kamyo ilingoja barabarani, nguo zangu zimefungwa ndani ya kitambaa, papa akasimama mlangoni.

«Akienda huyu, ni nani atashona?»

Basi. Kamyo ikaondoka bila mimi. Koko, aliyekuwa amelala kwa maumivu ya magoti, aligeukia ukutani na hakula siku ile.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ni mwiko ulionipata. Niliolewa hapa Mushaki, na mtu aliyetaka mke anayejua kushona. Leo mvi zimeanza, watu wanavaa nguo kuukuu kutoka Ulaya, na mimi nabandika viraka tu. Nimekaa sana, nimewaza sana, na sasa naona njia haikunikataa hata kidogo. Aliyeiziba ni papa. Na Koko alijua. Mjane anayekula kwa mtoto wake, angemwambiaje usimfunge binti huyu? Mwiko ndio kinywa pekee alichokuwa nacho. Nikikumbuka nilivyomcheka, moyo unaniuma.

Mwaka huu bwana yangu amenunua mashini ya kusaga mihogo, akamweka Furaha, binti yetu, kuiangalia. Masomo yake yamesimama. Nilitafuta mwiko wa kusema, nikakosa. Mwiko gani utamtisha mtu anayesikiliza redio tangu asubuhi? Nikabaki na ukweli, nikamwambia kavu kavu:

«Papa Furaha, mutoto arudi ku masomo.»

«Aa, Mama Furaha, na wewe!» Alicheka kwa upole, akaongeza mafuta ya mazutu kwenye mashini, akamwita binti yetu aje aiwashe.