Barua Iliyosema "Mama Mpendwa"

Tulikuwa watu watatu katika duka la kutoa nakala mjini Busia: mwenye duka, mwanamke wa upande wa Kenya; bibi mmoja wa Dabani, upande wa Uganda, ameshika simu yake kwa mikono miwili; na mimi.

Mwenye duka alimsomea bibi barua pepe iliyoingia kwa jina la mwanawe aliye ng'ambo: "Mama mpendwa, nimelazwa. Simu yangu imeibwa, usipige. Nitumie namba yako ya siri ya benki sasa hivi."

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ananiita nani?"

"Mama mpendwa."

"Basi huyo hapana mtoto yangu. Mtoto yangu nilimpa jina ya marehemu baba yangu. Mimi namwita Baba, na yeye naniita binti yangu."

"Hata kwa barua, mama?"

"Hata mbele ya padri! Piga simu."

Mwenye duka akapiga. Sauti ya mwanamume ikajaa duka: "Binti yangu, umekula?"

Bibi akaketi, akafunika uso kwa leso, akacheka mpaka machozi.

Matapeli hawa wanataka namba ya siri, lakini kwanza wanataka hofu yetu, tena upesi, ndiyo maana wanatukataza kupiga simu. Hawana nafasi ya kuuliza kama tumekula.

Bibi huyo alifariki wiki iliyopita. Mwanawe amerudi kumzika yule aliyemwita binti yangu.