Alone, Lonely na Birika la Baba

Nasomesha Kiingereza Chake Chake, na hakuna kinachonitia hamaki kama mwanafunzi kuandika alone mahali pa lonely. Alone, nawaambia, ni mtu asiye na mwenzake. Ukimtazama tu unajua. Lonely ni upweke wa moyoni, na mtu anaweza kuwa nao hata yumo harusini. Wao hucheka, wakasema Waingereza wamekosa kazi.

Baba alipofariki, mama alikaa eda kwake Wingwi. Miezi ile yote nyumba haikukosa watu. Majirani walipokezana kuja kulala naye. Eda ilipokwisha kila mmoja akarudi kwake, nami nikaenda kumchukua. Sikumuuliza. Niliona aibu mama yangu akae peke yake na mimi nipo.

Kwangu Madungu, papo hapo Chake Chake, tumejazana: mke wangu, watoto, na wapwa zangu wanaosoma mjini. Mama alikula, akacheka na wajukuu. Lakini kila alfajiri, kabla ya adhana, alijaza maji birika kuukuu alilokuja nalo, akaliweka mlangoni. Ndivyo alivyomtilia baba maji ya kutawadha tangu walipooana. Watoto hawakujua, wakiyakuta humwagia mchicha. Kesho yake mama alijaza tena.

Asubuhi moja nilimkuta amelipakata birika tupu, analia kimya kimya, na nyumba nzima ni kelele za watoto wanaotafuta viatu vya skuli.

"Nirejeshe kwangu, mwanangu."

"Utakaa na nani, mama?"

"Huko ntakaa. Hapa mie siwezi."

Somo nililolisomesha miaka yote lilikuwa limekaa mbele yangu, limejifunga kanga. Iliniuma, nikakubali.

Tulipofika Wingwi alifagia, akateka maji, akajaza birika na kuliweka mlangoni. Adhuhuri ilikuwa imeshaingia. Nikaliinua nitawadhe.

"Hilo la babako," akasema kwa upole. "Ngoja, lako nakutilia kwenye kopo."

Jioni nikarudi Madungu. Alfajiri niliamka nikasikiliza kama kuna anayetia maji kwenye birika. Nikasikia wapwa zangu wanakoroma. Mke wangu alikuwa ubavuni, watoto wamejaa chumba cha pili, na mimi nikamlilia baba kwa mara ya kwanza tangu tumzike.