Pipa Lilikuwa Kushoto Kwangu

Niliondoka nyumbani Songambele kwa sababu ya maneno manne niliyoyasema mimi mwenyewe mbele ya askari wa barabarani: "Pipa lilikuwa kushoto kwangu." Kwa maneno hayo, dereva aitwaye Sezibera alikuwa anashtakiwa kwa kuendesha gari vibaya, na mimi nilikuwa nimeitwa mahakamani Kayanga kuyarudia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati upande wetu wa Kyerwa ulikuwa bado ni sehemu ya wilaya ya Karagwe. Kwenye njia panda ya Omurushaka, pale zinapokutana barabara za Kyerwa, Bukoba na Kayanga, walikuwa wameweka pipa lililojazwa mawe na kupakwa chokaa, magari yalizunguke. Hicho ndicho kilikuwa kipilefti chetu. Wengine walikizunguka, wengine walikikata tu wakapita njia fupi.

Miezi miwili kabla ya safari hii nilikuwa juu ya magunia ya maharage katika pikapu ya parokia, Sezibera akiendesha, tukielekea Kayanga. Tulipofika kwenye pipa, lori lililotoka upande wa Bukoba likatugonga ubavuni kushoto. Mimi niliteguka bega. Dereva wa lori alisema Sezibera alikata kona, akapita upande usiofaa wa pipa. Sezibera alisema alizunguka kama inavyotakiwa. Askari akaniuliza mimi, abiria pekee, pipa lilikuwa upande gani. Nikajibu.

Sezibera ni mtoto wa watu waliotoka Rwanda. Alianza kwa kulima vibanja vya migomba vya watu kwa kibarua, akafundishwa udereva na padri mmoja, na leseni ile ndiyo iliyomjengea nyumba. Sasa leseni ilikuwa imeshikiliwa. Mkewe alikuja kwangu wiki moja kabla ya kesi. Hakulia wala hakunilaumu. Alisema tu, "Mama Koku, wewe ulikuwepo. Mume wangu anasema alizunguka. Wewe unasema hakuzunguka. Mmoja wenu anakosea."

"Mimi sikusema hakuzunguka," nikamwambia. "Nilisema pipa lilikuwa kushoto."

"Wanasema ni kitu kilekile."

Usiku huo niliikumbuka tena ajali ile. Nilichojua ni kwamba pipa nililiona, jeupe, karibu kiasi cha kuligusa, mkono wangu wa kushoto. Na nilijua pia kwamba Sezibera si mtu wa kukata kona.

Siku ya kuondoka, jua likichomoza, mume wangu alinisindikiza hadi mwisho wa kibanja. Maharage yalikuwa yanapasuka shambani na alitaka niwepo.

"Wito unasema Alhamisi. Leo ni Jumanne," alisema. "Unakwenda kufanya nini siku mbili nzima?"

"Nakwenda kulitazama pipa kwanza."

"Ukabadilishe maneno yako? Watasema umehongwa."

"Kama ni ya kweli sitayabadilisha," nikamjibu, nikaendelea na njia.

Kituo cha basi cha Nkwenda nilifika kwa miguu saa nne. Basi lilikuwa limejaa, nikapata nafasi nyuma ya dereva. Nilipoona ametulia kwenye barabara iliyonyooka nilimuuliza, kwenye kipilefti nani ana haki ya kupita kwanza. Alicheka. "Mwenye gari kubwa, mama." Mwanamke aliyekaa karibu yangu akasema ni anayetoka barabara kubwa. Mwanamume mmoja akasema ni anayepiga honi kwanza. Wakabishana wao kwa wao mpaka vumbi likatunyamazisha. Nikaona kwamba kama watu wazima wa basi zima hawajui, basi hata dereva wa lori huenda hakujua kosa lake. Huenda aliamini kwamba anayenyoosha kutoka Bukoba hasubiri mtu.

Omurushaka, saa nane mchana, nilishuka na kifurushi changu nikaenda moja kwa moja njia panda. Pipa lilikuwepo, limebonyea upande mmoja. Karibu yake palikuwa na fundi wa pancha, Jasoni, mtu wa makamo aliyewahi kuendesha malori ya kahawa. Nilimsalimu, nikamweleza shida yangu, nikamuuliza swali lilelile.

"Sikiliza, waitu," alisema bila kuacha kusugua mpira. "Sisi tunaendesha kushoto. Kwa hiyo pipa linabaki kulia kwako, unalizunguka. Anayeingia anatazama kulia kwake. Akiona gari tayari liko ndani ya mzunguko, anasimama. Liwe baiskeli, liwe lori. Hakuna cha barabara kubwa."

"Kwa hiyo pipa likiwa kushoto?"

"Umekata. Umekosa."

Nilikaa kwenye gogo lake zaidi ya saa nzima nikitazama magari. Kisha nikainuka, nikaingia barabarani nikatembea njia ile ile ya pikapu: kutoka upande wa Kyerwa, kushoto kidogo, kulizunguka pipa, kuelekea Kayanga. Pipa likawa mkono wangu wa kulia. Nikarudia kwa kulikata. Likawa kushoto. Watu wa madukani walitoka kunitazama. Mmoja akauliza kwa sauti kama nimepandwa na kitu.

"Ulikuwa umekaa wapi kwenye gari?" Jasoni aliniuliza niliporudi.

"Juu ya magunia."

"Najua. Ulikuwa unatazama wapi?"

Ndipo nikakumbuka. Magunia yalikuwa yamepangwa hadi kwenye kioo cha nyuma cha kibanda cha dereva. Mimi niliegemea kibanda kile, mgongo kwa Sezibera, uso kule tulikotoka, ili vumbi la mbele lisinipige machoni.

Nikaenda tena barabarani. Safari hii nilitembea kinyumenyume, polepole, nikilizunguka pipa kwa njia iliyo sahihi. Watu walicheka mpaka wakashika magoti. Pipa likanipitia mkono wa kushoto, jeupe, karibu kiasi cha kuligusa.

Nilisimama pale mpaka pikapu moja ikanipigia honi.

Kijiji cha Ndama, karibu na Kayanga, nililala usiku wa Jumanne na wa Jumatano, kwa shangazi yangu Paulina. Alinipikia ndizi na maharage mapya, akanisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu wa hofu.

"Mwanangu, wataandika kwamba umesema mambo mawili. Sema lile la kwanza urudi kwako. Huyo Sezibera si ndugu yako."

"Si ndugu yangu, shangazi. Lakini maneno ni yangu."

"Na kama wakikuuliza kama alikuwa makini?"

Hilo nalo lilikuwa linanisumbua, kwa sababu sekunde chache kabla ya kugongwa Sezibera aligeuka kidogo akaniuliza kupitia kioo, "Mama Koku, umekaa vizuri?" Nilijibu nimekaa. Ndipo lori likaja.

"Wakiuliza nitasema na hilo," nikamwambia. Shangazi alitikisa kichwa, akaniongezea chakula.

Kayanga, Alhamisi asubuhi, niliitwa ndani. Hakimu alikuwa mwanamke mwenye miwani, sauti yake ya chini. Mwendesha mashtaka alinisomea maelezo yangu na kuniuliza kama ni ya kweli.

"Ni ya kweli," nilisema. Nilimwona Sezibera akiinamisha kichwa. "Ila hayakukamilika. Naomba nionyeshe."

Hakimu aliruhusu. Niliomba chupa ya wino iliyokuwa mezani iwe pipa, na kiberiti kiwe pikapu. Juu ya kiberiti nikaweka punje ya harage iliyokuwa imebaki kwenye mfuko wa gauni langu. "Huyu ni mimi. Mgongo wangu uko kwa dereva. Naangalia nyuma." Nikakizungusha kiberiti polepole. Mwendesha mashtaka aliinama kutazama. Hakimu akavua miwani.

"Kwa nini hukumwambia askari kwamba ulikuwa umeangalia nyuma?"

"Hakuniuliza, mheshimiwa. Na mimi sikujua kwamba ni neno la maana."

"Nani amekufundisha hili?"

"Nimelizunguka lile pipa kwa miguu, juzi mchana. Watu wa Omurushaka wamenicheka, ni mashahidi."

Kisha akauliza nilichokuwa nakiogopa, kama dereva alikuwa anatazama mbele. Nikasema aliniuliza kama nimekaa vizuri, na kwamba aligeuza kichwa. Sezibera alifumba macho.

Dereva wa lori aliitwa tena. Aliulizwa kama aliiona pikapu ikiwa tayari ndani ya mzunguko. "Niliiona," alisema. "Nilijua itanipisha. Mimi nilikuwa nanyoosha."

Saa nane hakimu alisema Sezibera hana kesi ya kujibu kuhusu ile ajali: anayeingia ndiye anayempisha aliyemo. Lakini alimwonya kwa ukali kwa kubeba mtu juu ya mizigo na kwa kuongea naye akiendesha. Mimi pia alinitazama aliposema hivyo. Leseni ikarudishwa.

Nje, Sezibera alinishika mikono yote miwili. Akasema, "Pole na bega." Nami nikamwambia pole na miezi miwili.

Ijumaa jioni nilifika nyumbani. Mume wangu alikuwa anapiga maharage uani. Nilimsimulia yote, akasikiliza huku ameegemea fimbo yake.

"Kwa hiyo siku ile ya ajali ulisema uongo bila kujua," alisema.

"Hapana. Nilisema nilichokiona. Sikusema nilikokuwa natazama."

Akanisogezea fimbo nyingine, nikafunga kitenge vizuri, tukaendelea kupiga maharage.